Waliniita mkosi kwa sababu ya nyuki, nikagoma kuondoka

Wakuu, heshima kwenu. Na wenye kunipa shikamoo, marahaba.

Jana nimeona humu jamaa anauliza kama mke anaweza kuleta mkosi kwenye mifugo. Nimelala na hasira. Leo nasimulia yangu bila kuongeza chumvi, maana hata ya mezani daktari kanikataza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Niliolewa Pongwe, mimi mtoto wa manamba. Baba yangu alitoka mbali kuja kukata mkonge. Kabla ya ndoa nilikuwa nafua shuka za zahanati ya shambani.

Mume wangu Saidi na baba yake mkubwa, Mzee Kombo, walikuwa warina asali. Mizinga yao ilining'inia mikoroshoni.

Mwaka ule ule nilioingia, nyuki wakaanza kupungua. Majana, yaani watoto wa nyuki, yakawa yanaozea ndani ya masega. Yamegeuka manjano, yananuka uchachu.

Mzee Kombo akaita kikao cha ukoo.

"Saidi, tangu huyu aingie, nyuki wanakwisha. Kwao hatukujui. Mrudishe."

Saidi akainamisha kichwa. Hapo ndipo paliponiuma.

Sasa, mimi nilikuwa nimeona kitu. Mzee kila akitundika mzinga mpya, huupaka masega ya mzinga wa zamani ili uvutie nyuki. Na ule wa zamani ndio ulioanza kuugua. Kule zahanati tulikatazwa kuchanganya shuka za wagonjwa na za wazima. Vijidudu vinahama.

Nikasema, "Baba mkubwa, ule mzinga wa karibu na kisima hamkuupaka masega. Nyuki wake wazima. Mkosi wangu umeurukaje?"

"Mwanamke hanifundishi kurina."

"Sikufundishi. Ila siondoki."

Asubuhi Saidi akachukua panga, akaniambia twende kwenye mizinga yake. Tukakata masega yaliyooza, tukayachoma, mizinga tukaiunguza ndani kwa moto wa makuti. Nikamwambia pia tusiwakombe nyuki asali na chavua yote. Mgonjwa hanyimwi uji.

Mzee hakugusa mizinga yake.

(Mjukuu wangu anasomea kilimo. Anasema si vijidudu vyote ni adui. Vingine vinaishi tumboni mwa nyuki na kumsaidia kupigana na maradhi, vingine vinachachusha chavua wanayoweka akiba. Nyuki aliyekombwa chakula hudhoofika, ugonjwa ukampata kirahisi. Hayo sikuyajua wakati ule.)

Msimu wa maua ulipofika, nyuki wakarudi kwetu. Si mizinga yote, lakini walirudi. Ya Mzee Kombo ikabaki mitupu.

Siku moja akaja, akasimama mlangoni. "Saidi, mlifanyaje?"

Saidi akasema, "Muulize mwenyewe. Yupo."

Mzee akanigeukia. Kisha akaniuliza mimi. Nikatoka naye hadi mikoroshoni, nikamwonyesha kila kitu. Hakuniomba radhi, nami sikumdai.

Nilikaa Pongwe mpaka nikamzika Saidi, na bado nipo.

Kwa hiyo wewe wa jana, fungua mzinga kwanza uone kinachooza, ndipo umtazame mkeo. Na dada unayeambiwa una mkosi, usifungashe virago.

Wafugaji nyuki, semeni yenu. Na anayetaka kunibishia aje, pumzi ninayo.