Mama Aliyenikosesha Meli

Wiki iliyopita tulimzika Newala mama mmoja aliyekuwa akikagua korosho kijijini kwao, na nakiri kwamba msibani nilicheka kuliko nilivyolia. Mtani wake kutoka Masasi alizamisha mkono hadi kiwiko kwenye gunia la mchele wa wafiwa, akakunja uso, akatangaza, "Haujakauka huu. Shusheni." Waombolezaji wakawa hoi kwa kicheko, maana ndivyo marehemu alivyokuwa.

Nilimjua miaka ya mwanzo ya soko huria, wanunuzi binafsi walipomiminika huku na malori yao. Mimi nilikuwa karani wa mmoja wao. Korosho zilikwenda kubanguliwa India, na meli ilikuwa Mtwara tayari. Ningeikosa, kibarua changu kingeota nyasi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, nami nikapakia hivyo hivyo, roho juu. Yule mama akaja, akachota konzi moja, akaitikisa sikioni.

"Shikamoo mama. Meli inaondoka," nilimwambia.

"Marahaba, karani. Korosho kavu inalia. Hizi zimenyamaza. Shusha."

"Nitafukuzwa kazi, mama."

"Basi utafukuzwa na jina lako zuri. Njoo uanike."

Nilimchukia, sitaficha. Lakini wakulima walimsikiliza yeye, wakashusha. Jua lilirudi, na siku tatu niligeuza korosho kwenye mikeka huku akinitania kwamba mikono yangu inajua kalamu tu. Meli ikaondoka bila sisi, mzigo wetu ukapanda iliyofuata, na tajiri wangu akanitukana hadi akachoka. Kisha habari zikaja: mizigo iliyowahi ilishika ukungu safarini, viwanda vikaikataa, wetu ukapokelewa, na wenye kiwanda wakaagiza mwingine wa kijiji kile kile. Tajiri akanirudisha kwa yule mama na doti ya khanga. Aliipokea, akauliza kama safari hii nimekuja kuanika au kuhesabu meli.

Siku hizi tunazungumza sana juu ya lami na bandari, na ni haki yetu, kwa kuwa bila barabara Newala ilikuwa mbali na dunia. Ila lori la haraka hufikisha haraka hata kilichooza. Akina mama wabanguaji wa ng'ambo hawakumjua marehemu, ingawa kazi yao ilitegemea sikio lake, na mimi najivunia kwamba nilimjua. Tangu wakati ule, mtu akinichelewesha ili kazi iwe nzuri, simgombezi. Namvutia kiti, nakunja mikono ya shati.