Kidari cha Ukweni

Mzee aliletwa hospitali kwenye tela la trekta la kijiji cha ujamaa, tumbo limevimba, anatapika, choo wala hewa havitoki. Nilimwamkia shikamoo, nikampapasa. Hakuwa na ngiri wala kovu la upasuaji. Nikamuuliza amekula nini.

"Ugali," akajibu, akitazama ukuta. Wanawe nao wakasema ugali, kwa haraka mno. Nikajua nafichwa, na hilo huniudhi kuliko ugonjwa wenyewe.

Singida tulizoea utumbo uliojisokota, nikampasua nikitegemea huo. Haukuwa umejisokota. Ulikuwa umezibwa na pande la nyama, zima kama lilivyotoka chunguni.

Alipopata nafuu nilimwambia afungue kinywa. Hakikuwa na jino hata moja.

"Nilikwenda alikoolewa binti yangu," akasema. "Wakanipa kidari, nyama ya mgeni wa heshima, na wote wananitazama."

"Si ungeitema, mzee?" nikafoka. "Ungekufa!"

Akanitazama kwa huruma.

"Tumbo umelipasua, mwanangu. Ningetema nyama mbele ya wakwe, hiyo aibu ungeipasua wapi?"