Geti la Furu Stars

Nestory hakuwahi kumheshimu mtu yeyote aliyemwona akikimbia na mpira, na kwa kuwa alikuwa kocha, hilo lilimaanisha kwamba kuanzia saa kumi jioni hakuwa na mtu wa kumheshimu. Asubuhi alikuwa fundi wa kuchomelea pale Mkuyuni, akitengeneza mageti na madirisha ya watu. Jioni alivuka mji mpaka Pasiansi kuifundisha Furu Stars. Timu ilipewa jina la furu, wale samaki wadogo wa ziwani ambao sangara huwameza bila kutafuna, na Nestory alikuwa akisema aliyelichagua jina hilo ndiye mtu pekee mwenye akili aliyewahi kupita katika klabu ile.

Yeye mwenyewe alikuwa ameichezea beki ya kushoto tangu alipokuja mjini kutoka Ukerewe akiwa kijana, mpaka goti lilipomgomea. Akawa kocha kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Aliwaita wachezaji wake magunia, kuku wa kisasa, mizigo ya stendi. Walimzoea. Wengine walikuja mazoezini ili wasikie jipya.

"Baba Victor," mkewe Teodora alikuwa akimwuliza, "kama ni wajinga kiasi hicho, unawafuata nini huko kila siku?"

"Nataka niwaone ligi ya mkoa. Mara moja tu. Halafu wafe."

Hakuwa anatania, isipokuwa hapo kwenye kufa. Ligi ya mkoa ndiyo iliyokuwa donda lake. Furu Stars walikuwa wamekaa ligi ya wilaya miaka nenda rudi, kama mgonjwa aliyesahauliwa kwenye benchi la zahanati. Mwaka mmoja walikaribia kabisa. Ilibaki mechi moja. Siku hiyo kamati ya ufundi ikaagiza timu isikanyage uwanja kabla ya wapinzani. Kamati ya ufundi, kwa asiyeujua mpira wetu, haishughuliki na ufundi wowote wa mguu. Hiyo ni kamati ya dawa. Sasa wapinzani nao walikuwa na kamati yao, na kamati yao ilikuwa imeagiza vivyo hivyo. Timu mbili zikakaa nje ya chaki, kila moja ikiingoja nyingine itangulie, jua linashuka, mpaka mwamuzi akachoka, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Zote zikakosa pointi. Nestory alifika nyumbani akalala na viatu.

Mwaka huu wakaongoza ligi ya wilaya. Nestory aliyaita hayo matunda ya mazoezi. Shigela, mkuu wa kamati ya ufundi, aliyaita kazi yake. Shigela huyu mchana alikata tiketi stendi ya mabasi, na hajawahi kupiga mpira hata ule wa makaratasi, lakini timu haikuwahi kusafiri bila kumwuliza ipite njia gani.

Lilibaki sharti moja la chama cha mpira. Uwanja wa timu inayopanda lazima uwe na uzio na geti, watu waingie kwa utaratibu. Uwanja wa Furu Stars ulikuwa kipande cha ardhi kati ya mawe makubwa na ziwa, ambapo wanawake walianika dagaa asubuhi na mbuzi walikatiza hata penalti inapopigwa. Mwenyekiti wa klabu, Elias Chenge, ambaye udiwani ulikuwa umemkaa kichwani kama homa, akasema ukuta ni wake, atajenga yeye. Kweli akajenga, kwa namna ambayo watu wa aina yake hujenga: haraka, mchanga mwingi, saruji ya kunusisha. Kabla haujakauka vizuri akaandikisha jina lake kwa rangi ya buluu kuanzia kona hadi kona. Ukiegemea, unaacha alama ya bega.

Geti alilitengeneza Nestory. Hakumwachia mtu hata kipande kimoja. Alilichomea maua ya chuma pembeni, na katikati akaweka samaki mmoja mdogo, mdomo wazi. Teodora alipoliona alielewa: mtu hawatengenezei magunia maua ya chuma. Likavushwa mji mzima kwa mkokoteni, watu wakiuliza linakwenda kwenye baa gani, na Nestory akitembea nyuma yake amenyoosha shingo. Nguzo akazichimbia chini sana na kuzimwagia zege. Ufunguo wa kufuli akaufunga kwa kamba, akauvaa shingoni.

Mkaguzi wa chama angekuja Jumamosi, kutazama mechi ya kirafiki na timu moja ya Mirongo. Mechi haikuwa na pointi wala kombe. Alichotaka kuona ni timu na watazamaji wakiingia uwanjani.

Jumamosi asubuhi Nestory alifika peke yake na mfuko wa chokaa, kuchora mistari. Alipokuwa akifungua kufuli mfuko ukatoboka, konzi moja ikamwagika pale pale kizingitini. Akaulaani mfuko, akamlaani aliyeuza mfuko, akaingia kuchora. Hakuna aliyekumbuka kufagia, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kutokumbuka.

Mkaguzi alikuja na bajaji. Alikuwa mama wa makamo wa kutoka Rorya, Faith Akelo, mwenye raba nyeupe na sura ya mtu asiyependa soga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu."

Akalizunguka geti, akalifungua, akalifunga, akamgusa yule samaki kwa kidole. "Kazi nzuri hii. Ni ya nani?"

"Yangu," Nestory alisema, akamfuta samaki vumbi kwa kiganja. Hakuwa amezoea kusifiwa na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumdharau.

"Basi nizione timu zikiingia, nimalize."

Furu Stars walikuja kwa miguu kutoka nyumbani kwa mwenyekiti, ndani ya jezi mpya zenye picha ya Chenge mgongoni. Shigela alitangulia. Alipofika getini akainua mkono, wote wakasimama. Akachuchumaa. Akaigusa ile chokaa kwa ncha ya kidole, akainusa, akainuka na uso wa mtu aliyekipata alichokuwa akikitafuta siku nyingi.

"Tumewahiwa," alisema.

"Hiyo ni chokaa," Nestory akasema. "Mfuko umetoboka. Nimeimwaga mimi asubuhi."

"Kocha, chokaa ina uwanja mzima wa kumwagikia. Kwa nini imwagike hapa?"

"Kwa sababu hapa ndipo mfuko ulipotobokea, mpumbavu wewe!"

Chenge akasogea na suti yake. Akamtazama mkaguzi, kisha akautazama ule unga, akapima kipi cha kuogopwa zaidi. Na kwa kuwa alikuwa Chenge, akauogopa unga.

"Kocha, tusibishane," alinong'ona. "Vijana watapita juu ya ukuta. Dakika moja tu. Mama hataona."

"Hataona? Si huyu hapa amesimama! Mwenyekiti, nisikilize. Leo hatuchezi na Mirongo. Leo mechi yetu ni geti hili na ukuta huu. Wakipita hapa, tumepanda. Basi. Hakuna kingine."

Hakuna aliyesogea. Nestory akamshika mkono nahodha, kipa Zadok, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kudaka tangu mpira ulipokuwa ukimshinda uzito.

"Zadok, mwanangu. Pita."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mtu yeyote wa timu ile mwanangu. Zadok akaviangalia viatu vyake.

"Nisamehe, Kocha. Mimi nina watoto wadogo."

Wakaenda ukutani. Wakapanda mmoja juu ya bega la mwingine, na mabegi yao, na ndoo ya maji, na fulana za akiba. Timu ya Mirongo, iliyokuwa ikifika wakati huo huo, ikaona wenyeji wanalikwepa geti lao wenyewe. Kama mwenye nyumba hapiti mlangoni mwake, mgeni apite kwa lipi? Nao wakaenda kupanda ukuta wa upande wa pili. Watazamaji wakaziona timu zote mbili ziko juu ya ukuta, wakaona wao ni nani mpaka wapite chini. Nestory alisimama katikati ya geti lililo wazi, mikono ameitandaza kama mtu anayezuia ng'ombe, na watu wazima na akili zao wakampita kushoto na kulia, wakikwea.

Chenge alipanda wa mwisho. Alikuwa ameukalia ukuta, mguu huku na mguu huku, kiatu chenye ncha kikitafuta pa kukanyaga, ukuta ulipolalama kidogo kisha ukalala. Ulianza upande wake, ukaenda na jina lake lote mpaka kona. Upande wa Mirongo ukafuata kabla vumbi halijatua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini Mungu ni mpole kupita kiasi: Chenge aliteguka kifundo tu, na wengine walichubuka.

Vumbi lilipotulia, geti lilikuwa limesimama peke yake, na huku na huku hapakuwa na kitu. Faith Akelo akaikanyaga chokaa kwa raba zake nyeupe, akapita getini, akautazama uwanja, akarudi kwa njia ile ile.

"Pole, mzee," alimwambia Nestory. "Geti zuri. Lakini uwanja hauna uzio. Mtajaribu mwakani." Akapanda bajaji.

Mtu angedhani hapo ndipo watu wangeona haya. Jumapili baada ya ibada klabu ikaitisha mkutano katika darasa la shule jirani. Chenge alikaa mbele, mguu umefungwa bendeji na kuwekwa juu ya kiti, akiwa na uso wa majeruhi wa vita. Hakuna aliyetaja mchanga. Hakuna aliyetaja saruji. Shigela alisimama na kuuliza swali moja tu: siku ile, nani alipita getini?

Watu wakafikiri. Mkaguzi alipita, lakini yeye mgeni. Mwingine?

"Mimi," Nestory alisema. "Ndio kazi ya geti."

"Na ule unga, nani aliumwaga?"

"Mimi. Nimeshawaambia. Ni chokaa."

Shigela akageuka, akawatazama watu wote, bila haraka. "Mmesikia wenyewe. Amekiri. Sasa tumwulize, mzee wetu, kwa heshima. Nani alikutuma?"

Nestory alicheka. Aliangalia huku na huku atafute mwenzake wa kucheka naye. Waliokuwa wamekunja nyuso ni wale wale aliowafundisha kufunga kamba za viatu. Mmoja akasema kumbe ndiyo maana tulikosa kupanda mwaka ule. Mwingine akasema amewahi kumwona Mirongo, akinunua vyuma. Zikapigwa kura za mikono, aondoke klabuni, na geti lake aliondoe, maana wao hawaligusi. Mkono wa Zadok ulichelewa kupanda, lakini ulipanda. Huo ndio uliomuuma. Ile mingine aliitarajia.

Nyumbani alizungumza mpaka koo likakauka: wajinga, magunia, mbuzi wana akili kuliko wao. Teodora alikuwa akichambua mchele. Alimwacha amalize.

"Baba Victor, maneno hayo umewaambia miaka yote. Umewahi kuwaambia lingine? Leo ulitaka wakuamini wewe kuliko Shigela. Shigela anawaambia wana adui mkubwa anayewaonea wivu. Wewe unawaambia wao ni takataka. Wewe ungekuwa wao, ungemfuata nani?"

Nestory aliinuka. Alichukua mfuko wa chokaa iliyobaki na kuuweka karibu na mlango.

Siku ya mazoezi akaenda Pasiansi na mkokoteni ili alichukue geti, ule mfuko wa chokaa begani. Matofali yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na wenye mabanda ya nguruwe. Geti limesimama wazi kama alivyoliacha, na njia mbili mpya za miguu zilikuwa zimejichora kwenye majani, moja kushoto kwake na moja kulia. Ndani, Furu Stars walikuwa wakifukuzana na mpira, na Shigela ndiye aliyekuwa na filimbi.

Akamrudisha mwenye mkokoteni. Akapita getini, akalifunga nyuma yake, akatia kufuli. Kisha akautoboa tena ule mfuko kwa ufunguo, kwa makusudi safari hii, akaanza kutembea pale ulipokuwa ukuta, chokaa ikimwagika nyuma yake mstari mmoja mweupe.

Shigela ndiye aliyeona kwanza. Filimbi ikamdondoka. "Anatufungia ndani!" alipiga kelele, na timu iliyoongoza ligi ya wilaya ikakimbia kuelekea upande ambao mstari haujafika, wengine na kiatu kimoja, Zadok akiwa na glavu mikononi. Hawajawahi kukimbia vile katika mechi yoyote. Nestory hakuongeza mwendo. Akazunguka kwa goti lake bovu upande wa ziwa, akapita kwenye mawe, akarudi mpaka nguzo ya pili ya geti, na mwanzo wa mstari ukakutana na mwisho. Uwanja ukawa umepata uzio, na tangu jioni ile Furu Stars hawajauvuka.

Alikaa katikati ya uwanja, mahali pa kuanzia mpira. Mistari yake ya Jumamosi ilikuwa bado inaonekana. Moyo ulimuuma kweli kweli, kwa sababu alikuwa ameshinda, na timu yake ndiyo hiyo, ilikuwa inapotelea nyuma ya mawe. Mbuzi mmoja akaja, akaikanyaga chokaa, akavuka, akaanza kula majani karibu naye. Nestory akamtazama, akatafuta tusi la kumpa, akalikosa.