Kiti cha upande usio na jua

Waliokuwapo Jumatatu asubuhi kwenye dirisha la tiketi, stendi ya Songea, ni hawa: karani, mama mmoja wa Ruhuwiko aliyekuwa anakwenda harusini, binti aliyejifunika khanga usoni na kushika mwavuli, wifi yake, na mimi. Majina yao ninayo, lakini siyaandiki.

"Kaka, nipatie kiti cha upande usiopigwa jua," binti alimwomba karani.

Karani akatabasamu. "Dada, basi la Tunduru linapita juani."

"Mkorogo huo!" mama yule akasema, akijipapasa mashavu. "Wanajichubua, kisha wanalikimbia jua la Mungu. Hebu jifunue tukuone!"

Tulicheka, mimi pia. Binti akainamisha mwavuli mpaka mabegani, akaondoka bila tiketi.

Wifi yake alibaki amesimama. "Shikamooni wazee," alisema taratibu. "Ametolewa kovu la moto usoni. Daktari amesema ngozi hiyo changa ikipigwa jua itabaki na doa jeusi. Mama yake amelazwa hospitali ya Mbesa, huko Tunduru. Ndiye aliyemmwagia uji wa moto kwa bahati mbaya utotoni, na ameomba auone uso huo umepona."

Mama wa Ruhuwiko alishusha mkono. Karani alikata tiketi mbili za upande wa kivuli. Wifi akakimbia kumtafuta mwenzake, lakini basi liliondoka viti hivyo vikiwa vitupu.

Watu wa mji huu tuna kipaji: hata uso uliofunikwa tunausoma.

Jumatano nilikutana na wifi sokoni, nikamuuliza. Mama yake binti alifariki Jumatatu jioni.