Ngata tatu zilizosingiziwa kichwa cha Clémence

Saa moja asubuhi Clémence yuko kwenye mawe ya Wagenia, maporomoko ya mto Kongo pale Kisangani, anachagua ngolo, kambale wa maji haya. Beseni likijaa halipandi kichwani kama zamani. Mumewe, Ruphin, analifunga nyuma ya baiskeli ya kukodi. Kichwa cha mama huyu wa miaka thelathini na mmoja kiko likizo, na likizo yenyewe imepatikana kwa tabu.

Wiki tatu baada ya kumzaa Benie, kichwa kilianza kumgonga. Kwa mchuuzi wa samaki wa Kisangani, kichwa kikiuma mshitakiwa ni mmoja: ngata, ile pete ya kitambaa inayokaa chini ya beseni. Akaitupa yake ya kitenge, akasuka ya majani ya ndizi, akaazima ya jirani, Mama Rachida. Ngata tatu, siku kumi na tisa, maumivu palepale. Zahanati ikampa dawa za malaria. Wapi!

"Mama Rachida alisema shingo yangu imesahau kazi, nimelala sana na mutoto," anasema Clémence na kucheka. Siku zile hakucheka.

"Kisha nikaona ngolo mumoja iko na vichwa mbili. Nikasema, bon, hii haiko ngata tena."

Ruphin akamkimbiza hospitali. Daktari Jeancy, mtu wa maneno machache, akauliza: "Mama, inauma zaidi ukibeba ao ukilala?"

Clémence alishangaa. Beseni likiwa kichwani, alipata nafuu. Akilala chali, kichwa kilitaka kupasuka. Alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta.

"Mzigo hauna kosa," daktari anaeleza. "Mwanamke aliyetoka kujifungua, damu yake huganda upesi. Ikiziba mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo, akilala ndipo presha ya ndani ya kichwa inapopanda."

Picha ya skana, iliyopigwa baada ya kuchomwa dawa ya kuonyesha mishipa, ilithibitisha. Bei yake iliimeza baiskeli ya Ruphin, ikauzwa.

"Baiskeli inatafutwa," anasema Ruphin. "Mama ya watoto utamutafuta soko gani?"

Clémence alichomwa sindano za tumboni za kuzuia damu isigande, kisha akapewa vidonge vya miezi sita. Siku ya sita, mchana, alijinyoosha chali akapitiwa na usingizi. Ruphin alikaa kando ya kitanda akalia, wala haoni haya kulisema.

Vidonge vinaisha mwezi ujao. Clémence anataka baiskeli yao wenyewe, na daktari akiruhusu, beseni lirudi kichwani.

Wiki iliyopita Chimène, muuza chikwange, ule mkate wa muhogo, mwenye kichanga cha mwezi mmoja, alimjia kuomba ngata laini, kichwa kinamuuma. Clémence hakumpa.

"Ukilala, inauma namna gani?" alimuuliza.

Aliposikia jibu, aliteremsha beseni kutoka kwenye baiskeli, akampandisha Chimène, na Ruphin akakanyaga pedali hadi hospitali. Leo Chimène yuko kwenye sindano, na anaendelea vizuri. Samaki wa siku ile waliharibika wote.

"Waoze tu," anasema Clémence.