Simu Mbili za Mama Laini

Mtaa mzima ulimwita Mama Laini, na jina lilitokana na simu, si upole, maana ukimchokoza utajuta kuzaliwa. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye chumba cha simu cha posta, spika masikioni, mbele yake ubao wenye matundu na waya za kuchomeka. Ukitaka kuzungumza na mtu wa mji mwingine ulipitia kwake, utake usitake. Alikuambia usubiri, akachomeka waya, upande wa pili ukiitika akasema, "Ongeeni, mmeunganishwa," kisha akatoka kwenye laini. Msimamizi wao, mzee mmoja asiyejua kutabasamu, aliwafundisha sheria mbili tu: usimdanganye mpigaji, na ukishaunganisha, toka.

Ah, chumba kile jamani! Wanawake wanane kwenye viti virefu, chupa moja ya chai inazunguka, umbea unakolea, halafu taa inawaka ubaoni na umbea wote unakatwa katikati. Ilipokuja mitambo ya kujiunganisha yenyewe, wote wanane walipewa barua na mkono wa kwaheri. Mama Laini aliomba kitu kimoja, spika zake za masikioni. Alizitundika ukutani juu ya simu ya nyumbani, na kila alipozifuta vumbi moyo ulimwuma.

Kazi iliisha, mazoea yakabaki. Kila kitu alikichagua kwa simu. Alimpigia fundi seremala, akisikia anavyoitika, basi amemaliza. "Huyu hajui hata kupokea simu," angesema, "meza yake itasimama kweli?" Hata marehemu mumewe alimpata hivyo hivyo. Alikuwa karani wa bohari la mbao, mtu pekee mjini aliyemwambia opereta asante kabla ya kukata. Siku alipomwona kwa macho, mfupi, kipara kimeshaanza, alishtuka kidogo. Lakini wapi! Sauti ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Sasa binti yake wa mwisho akafaulu mitihani, akatangaza kwamba anataka kusomea isimu. Mjomba wake alicheka mpaka chai ikampalia.

"Yaani unakwenda chuo kikuu kusomea lugha? Wewe si unaongea tangu una mwaka mmoja, na hatujawahi kupumzika?"

Mama Laini alimkata jicho, mjomba akanywea. Yeye alijua mtoto aliyatoa wapi. Alipokuwa mdogo, akitoka shule alikuja kukaa miguuni pake chini ya ubao, akisikiliza opereta wanane wakibadilisha sauti kwa kila mpigaji, halafu jioni akawaiga mmoja mmoja njia nzima mpaka nyumbani. Walivyokuwa wakicheka! Wapita njia waliwadhania wehu.

Vyuo vya isimu vilibaki viwili. Kimoja kilikuwa karibu, mwendo wa saa moja, mtu unakwenda na kurudi kulala kwenu. Kingine kilikuwa siku nzima na nusu kwa basi. Fomu ilikuwa na nafasi ya chuo kimoja tu, na mwisho wa kuipeleka ulikuwa kesho. Watoto wakubwa walishaoa na kuolewa, baba alishazikwa, nyumba ilikuwa ya watu wawili.

"Mama, mimi nimeshindwa," alisema binti. "Vipigie vyote viwili uvisikilize. Utakachosema ndicho nitakachoandika." Akaenda uani kufua.

Chuo cha karibu alipokea msichana aliyekuwa anatafuna kitu. Akamwambia asubiri, akamsahau, dakika kumi baadaye laini ikakatika. Mama Laini aliitazama simu kwa hasira. Kosa la mtu wa wiki ya kwanza kazini!

Chuo cha mbali alipokea mwalimu mwenyewe, mkuu wa isimu. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza, "Huyo binti anapenda nini hasa?"

"Anapenda kusikiliza watu."

"Basi huyo ni wetu. Mwambie anipigie mwenyewe leo, niko hapa mpaka saa kumi. Asante sana, mama, kwa kupiga."

Asante, kabla ya kukata. Mama Laini alirudisha mkono wa simu taratibu. Binti akaingia, mikono imejaa povu.

"Vipi?"

"Cha karibu wamenipokea vizuri," alisema Mama Laini. "Kile cha mbali hawapokei."

Binti hakuuliza mara mbili. Ni nani angeuliza mara mbili katika nyumba ile? Alijifuta mikono, akakaa mezani, akavuta fomu. Mama yake akainua macho, akakutana na spika ukutani. Zamani bosi mmoja mkubwa alimwamuru amwambie mkewe aliyempigia simu kwamba hapatikani. Alikataa, nusura afukuzwe kazi, na hakujutia hata siku moja. Leo amemdanganya mpigaji, na mpigaji ni mwanawe.

"Weka kalamu chini."

"Kuna nini, Mama?"

"Nimekudanganya. Wamepokea. Tena ukimtoa baba yako, hakuna aliyewahi kuipokea simu yangu vile."

Binti aliweka kalamu. "Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu ukienda nitabaki na nani?" Machozi yalimtoka hapo hapo, wala hakuyaficha.

"Basi siendi. Nitasoma hapa hapa karibu, yaishe."

"Ebo! Nani amesema usiende? Nimesema nitabaki. Kubaki sijafurahia, lakini kunanishinda?" Alipangusa uso kwa kanga, akaanza kuzungusha namba. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mwalimu alipoitika, alimsogezea binti mkono wa simu, akamfumbata vidole juu yake.

"Ongeeni," alisema, "mmeunganishwa."

Akatoka uani, akafunga mlango. Nguo za binti zilikuwa bado kwenye beseni. Alizifua zote, akazisuuza na kuzianika, hata zile zilizokwisha kutakata. Dirisha lilikuwa wazi, na hakulisogelea hata mara moja.