Vyumba vya Bakteria na Kiapo cha Sajenti

Siku yangu ya kwanza kazini Kampala sikugusa hadubini. Nilipewa ndoo ya maji ya klorini na brashi, nikaambiwa nisugue meza za maabara ya hospitali ambayo vita viliiacha na friji zisizo na milango. Nilikuwa nimetoka Kenya na diploma mpya na viatu vya kisigino, na kwa kiburi tu nikasugua nikiwa nimevivaa. Mkuu wa Maabara, mzee Mganda asiyepandisha sauti, alinitazama, akaniita bibi kwa Kiganda: "Nnyabo, kesho lete sapatu. Hapa kazi ni ya miguu."

Chini yake nilipima malaria na minyoo kwa miaka kadhaa. Kisha nikahamishiwa kitengo cha magonjwa ya tumbo, kwa Daktari Bingwa, mama mrefu aliyetembea kama anayechelewa basi. Sisi tulifundishwa shuleni kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi na pilipili. Kumbe vingi huletwa na bakteria aliyejipinda kama skrubu, helikobakta, anayeishi palepale kwenye tindikali ya tumbo bila wasiwasi.

Daktari Bingwa aliteremsha mpira wenye taa kooni mwa mgonjwa na kunyofoa vipande viwili vya utando wa tumbo, vidogo kuliko punje ya mchele. Kimoja nilikitia kwenye rojo ya manjano yenye urea. Rojo ikigeuka waridi, bakteria yumo. Cha pili nilikipaka kwenye sahani yenye damu ya kondoo, nikaifungia ndani ya kopo lenye mshumaa unaowaka. Mshumaa hula sehemu ya hewa, ukazimika, na huyu bwana hapendi hewa nyingi.

Mwezi wa kwanza nilitupa sahani zote siku ya pili, nikaandika kwamba hakuna kilichoota. Bakteria niliowazoea huota kwa usiku mmoja. Huyu huchukua hata wiki.

"Madamu," Daktari Bingwa akaniuliza, "ukipanda muhogo leo, kesho unakwenda kuchimba?"

Mimi nilicheka. Wagonjwa waliorudia kumeza ule mpira kwa ajili yangu hawakucheka.

Ndipo akaja Sajenti mmoja wa polisi, mtu wa kaskazini aliyekaa mtaa wa Naguru, pamoja na mke wake, Mama Akello, muuza samaki wa soko la Kalerwe. Alipewa dawa za wiki mbili. Baada ya muda alirudi akishika tumbo, na rojo ikageuka waridi tena. Nikaotesha bakteria wake, nikawawekea dawa ileile kwenye sahani. Wakafa wote.

"Dawa ulimeza?" nikamuuliza.

"Nilimeza yote, musawo," akasema, akiniita daktari kwa Kiganda. "Asubuhi moja, jioni moja. Mimi ni polisi, mimi najua kuapa."

"Mbona hawa wanakufa kwenye sahani yangu?"

"Sasa sahani yako iko na tumbo?"

Nilimwona mjuaji. Nikaandika kwenye faili: mgonjwa hakumeza dawa. Mama Akello alisoma nikiwa bado naandika, akamgeukia mumewe. "Mimi naamka saa kumi kwenda sokoni kutafuta pesa ya dawa, na wewe unatupa?" Safari hii Sajenti alipewa dawa zaidi, za muda mrefu zaidi, na mkewe akawa anamtia kila kidonge mdomoni kama mtoto. Akapona. Kupona kwake tukakuhesabu kuwa ushahidi dhidi yake.

Miezi hiyohiyo tulikuwa tunaichunguza sumu ya huyo bakteria. Tulichuja mchuzi alimoota hadi asibaki hata mmoja, tukaudondosha juu ya seli za tumbo zilizooteshwa kwenye chupa. Kesho yake seli zilikuwa zimejaa mapovu kama chapati iliyo kwenye kikaango. Wataalamu huyaita vakuoli. Mimi niliyaita vyumba. Wakati wa chai nikauliza kama vyumba vile havina mpangaji.

"Madamu, sisi hatukisii," alisema Daktari Bingwa. "Sumu ni ya kuharibu. Ukiwa na ushahidi, leta."

Sikuwa nao. Nikanywa chai yangu.

Mwaka wangu wa mwisho, nikiwa mimi ndiye Mkuu wa Maabara, daktari mmoja aliyetoka masomoni alituelezea mambo mapya. Alisema seli ina tumbo lake, kifuko kinachosaga kila kinachoingia. Sumu ya helikobakta hukizima kifuko hicho. Bakteria huingia ndani ya seli, hukaa vyumbani salama, huzaana, na dawa haiwafikii vizuri. Dawa ikiisha mapema, hutoka na kulijaza tumbo upya. Nikakumbuka faili ya Sajenti. Sahani yangu haikuwa na seli hata moja ya tumbo, wala chumba cha kujificha. Siwezi kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa Sajenti. Ninachojua ni kwamba sikuwa na haki ya kuandika nilichoandika, na niliona aibu kubwa.

Ninyi mnaoanza kazi hii mna mashine ambazo sisi hatukuziota. Andikeni mlichokiona. Msichokiona ndani ya mtu, msimwandikie.

Nilipostaafu, safari yangu ya kwanza ilikuwa Naguru. Sajenti naye alikuwa amestaafu, ana mvi na kuku wengi. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono magotini, kisha akaita, "Mama Akello! Kuja hapa. Musawo, sema tena pole pole, huyu asikie."

Nikasema tena. Sajenti akaingia ndani, akarudi na karatasi na kalamu. "Sasa andika taarifa. Jina, kazi, uliona nini, halafu sahihi."

Niliandika kwamba nilimwita mwongo bila ushahidi, nikatia sahihi. Mama Akello aliichukua akaisoma kwa sauti, mara mbili.

"Baba Akello," akasema, "nisamehe. Mimi niliamini faili."

Sajenti akaenda uani, akasimama huko akijifanya anahesabu kuku, na sisi wawili tukamwacha alie.